Bi Vielezi na Mkia wa Neno

Shuleni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimu wenzake walimwita Bi Vielezi, wanafunzi walimwita hivyo akiwa hayupo, na hata mlinzi wa geti, ambaye hakujua kielezi ni mdudu gani, alimpokea kila asubuhi kwa "Shikamoo Bi Vielezi" na heshima zake zote. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, na tuseme ukweli, alilitafuta mwenyewe. Walimu wengine wa Kiingereza hupita kwenye vielezi mbiombio, kama mtu anayepita penye mbwa mkali. Yeye alipofika hapo alipiga kambi.

Kilichompendeza ni yale maneno pacha, yanayofanana sura na kutofautiana roho. Late na lately. Near na nearly. Hard na hardly. Aliyaandika ubaoni mawilimawili, akachukua chaki nyekundu na kuizungushia ile ly ya mwisho.

"Mnauona huu mkia? Ng'ombe ukimkata mkia anabaki ng'ombe. Lakini haya maneno ukiyafunga mkia, yanageuka mnyama mwingine kabisa. Hard ni nini?"

"Kwa bidii, Mwalimu! Kwa nguvu! Sana!"

"Haya. Na hardly?"

"Ni kama hakuna, Mwalimu!"

"Ni kama hakuna. Mtu akisema amekula hardly, ana njaa huyo, mpeni chakula."

Mwanafunzi aliyeandika kwamba anaishi nearly shule aliulizwa mbele ya wenzake, "Kwa hiyo wewe unakaribia kuishi? Pole, mwanangu. Ukianza kuishi rasmi, njoo utuambie." Kisha, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, aliwafariji kwa kuisema vibaya lugha yao wenyewe. Kosa si lenu, aliwaambia, kosa ni la hii "karibu" yetu, imejitwisha mizigo ya watu watatu: inapima umbali, inahesabu kilichobaki, na mgeni akibisha hodi ndiyo hiyohiyo inayokwenda kumfungulia mlango. Darasa lilivunjika mbavu kila mwaka, kwa utani uleule, na yeye alicheka nao kila mwaka kama ndiyo kwanza anausikia.

Nyumbani alikuwa Mama Chuma. Mumewe alikuwa fundi wa nguo, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa chake, na cherehani yake ya miguu, meza ya kukatia, na ukuta mzima wa nguo za wateja walioahidi kuja kesho. Fundi hakujua Kiingereza, wala hakuona haya kusema hivyo. "Mimi na Kiingereza tuliachana kwa amani," aliwaambia wateja, "kila mtu akaenda zake. Mke wangu ndiye aliyekwenda kumwoa." Alijua inchi, alijua sentimita, basi. Barua za shule, maelezo ya dawa, sinema za kwenye televisheni, vyote hivyo alivisikia kwa mdomo wa mkewe, na kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi hata siku moja kumuuliza kama ana hakika.

Chuma alikuwa mtoto wao wa pekee. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo la utani siku alipozaliwa, kwa vile alikishika kidole chake na kukataa kukiachia mpaka muuguzi akacheka. Alipokua akawa fundi wa kuchomelea, na fundi wa nguo akajigamba mtaa mzima kwamba alilijua hilo mapema, kwamba yeye haiti watoto majina ovyo. Kisha ikatokea kazi ya kuunga mabomba, nchi ya mbali, jangwani. Chuma akaondoka na begi moja na shati aliloshonewa na baba yake, lililopigwa pasi. Alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili baba yake alimuuliza kama shati lingali linamtosha mabegani.

Siku ile simu ilipoita haikuwa Jumapili. Bi Vielezi alikuwa sebuleni na rundo la madaftari, na fundi alikuwa chumba cha mbele akiunga mikono ya koti la mteja msumbufu. Namba ilitoka kule aliko Chuma lakini haikuwa ya Chuma. Mwanamume aliyeongea alijitambulisha kuwa ni msimamizi wa kazi. Kiingereza hakikuwa cha kwao, hilo Bi Vielezi alilijua kwa sentensi ya kwanza. Naye alikuwa mtu aliyeacha nchi yake kufuata riziki, na lugha ile ameiazima kama wao walivyoiazima. Alisema udongo. Alisema ukuta wa mtaro umeanguka. Alisema bomba. Kisha akasema jina la Chuma la kwenye pasipoti, lile ambalo nyumbani halikutumika kamwe, na mama yake akadhani, kwa kitambo kidogo tu, kwamba wamekosea mtu.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni. Mkewe alimtazama usoni huku simu iko sikioni, na fundi akajua.

Kuna swali moja tu ambalo mama huuliza saa hiyo, na Bi Vielezi aliliuliza, kwa Kiingereza fasaha, kisichokwaruza popote. Aliuliza kama mwanawe aliteseka.

Upande wa pili ulisikika upepo, na mlio wa mashine. Kisha msimamizi akasema, polepole, kama mtu anayechagua maneno:

"He suffered hardly, madam. He suffered hardly."

"Anasemaje?" fundi aliuliza.

"Anasema hakuteseka," mkewe akajibu.

Asilaumiwe. Hivyo ndivyo alivyofundisha nusu ya maisha yake: hardly ni kama hakuna. Mpangilio wa ile sentensi ulikuwa umepinda kidogo, sikio lake liliuona upindo huo, lakini nani anasahihisha mpangilio wa maneno siku anayoambiwa mwanawe amekufa? Alilishika lile neno kama lilivyokuja na kumpa mumewe. Fundi akaishikilia fremu ya mlango, akasema, "Mungu ni mkubwa. Afadhali." Akalirudia hilo "afadhali" huku machozi yakimtoka.

Jeneza lilikuja limefungwa kwa skrubu, na waliolileta wakaagiza lisifunguliwe. Walizika walichopewa. Watu walijaa nyumbani, wakakaa mpaka kwenye meza ya kukatia nguo, na kwa kila aliyeingia fundi alikuwa na jambo la kusema. "Mwanangu hakuteseka. Mama yake aliongea nao mwenyewe, kwa Kiingereza." Baada ya siku kadhaa akaanza kutia chumvi: kwamba ilikuwa kufumba na kufumbua, kwamba alikwenda kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Hakuwa akidanganya. Mtu akiwa na kipande kimoja tu cha kitambaa, hukivuta kila upande kimfunike. Bi Vielezi alimsikiliza na kushukuru, maana hata yeye alikuwa amejifunika humohumo.

Basi alirudi kazini. Aliingia darasani akakuta zamu ya kusoma insha ni ya msichana mmoja wa mbele, mpole, mwenye sauti ndogo. Msichana akasimama, akashika daftari kwa mikono miwili, akasoma kwa Kiingereza kwamba mama yake ni mjane na kwamba mama yake works hardly.

Utani ukamtoka mwalimu wenyewe, kwa mazoea, kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani. "Mama yako hafanyi kazi? Ni kama hafanyi! Msalimie, mwambie apumz..."

Darasa lilikuwa limeshaanza kucheka. Lilicheka peke yake. Bi Vielezi alisimama na kidole juu, mdomo wazi, na akausikia tena ule upepo wa kwenye simu na ile mashine. Mama wa msichana huyu anafanya kazi hardly, yaani sana. Mwanangu aliteseka hardly, yaani...

Kicheko kikakatika kutoka dawati la mbele kwenda la nyuma. Mwalimu aliiweka chaki chini, akatoka nje, akasimama barazani akiushika ukuta. Waliomwona walidhani amemkumbuka marehemu, wakamwonea huruma, wakamwacha.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Na ubaya wa mashaka yake ni kwamba yalikuwa ya kitaalamu. Mtu mwingine angejiambia labda, labda, akajituliza. Yeye makosa ya watu ndiyo yaliyokuwa kazi yake, na makosa yana mtindo wake. Aliyaona maishani mwake madaftari yanayoweza kujaza ile nyumba mpaka darini. Mwenye lugha akitaka kusema mtu hakuteseka, hardly huliweka mbele ya kitendo. Aliyeazima lugha akitaka kusema mtu aliteseka sana, huchukua hard, hudhani neno halijakamilika bila mkia, akaubandika, akalitupa nyuma. Kila mara. Hakuwahi kusahihisha daftari hata moja ambamo mwanafunzi aliliweka nyuma akamaanisha ni kama hakuna. Alitafuta kichwani mwake mfano mmoja tu wa kumwokoa. Hakuupata.

Nyumbani cherehani nayo ikaanza. Mguu wa fundi ulikanyaga kwa mapigo mawili, moja zito na moja jepesi, na tangu siku hiyo mapigo hayo yakawa na herufi: hard, ly. Hard, ly. Alikaa sebuleni na kalamu yake akiisikia kutwa, na mumewe akiimba chinichini juu yake, mtu aliyetulia, mtu anayelala usiku.

Kisha akaanza kumwona.

Si usiku wala si ndotoni. Ilikuwa mchana kweupe, darasani, akiwa ameligeuzia darasa mgongo na kuandika ubaoni. Pembeni mwa jicho, kwenye dawati la nyuma karibu na dirisha, palikuwa na mkono ulionyooshwa juu. Mkono wenye glavu nene ya ngozi, ile ya kuchomelea, iliyoungua vidoleni. Ulinyooshwa kama wanavyonyoosha wenye jibu, wima kabisa, ukisubiri kuitwa. Aligeuka. Dawati halikuwa na mtu. Akarudi ubaoni, na mkono ukarudi juu.

Hakupiga kelele, hakumwambia yeyote. Alichofanya ni kuacha kuligeuzia darasa mgongo. Akawa anaandika ubaoni kiubavuubavu kama kaa, mwandiko ukipanda na kushuka, na wanafunzi wakitazamana. Lakini mkono ulikuja hata hivyo, akiinamisha kichwa kwenye daftari, akifumba macho kupiga chafya. Hakuogopa ule mkono wenyewe, maana ulikuwa wa mwanawe na angeushika kama ungeshikika. Aliogopa siku atakayosema, "Haya, wewe wa nyuma, sema," na ukasema.

Katika kusahihisha nako mambo yaliharibika. Hardly akawa halipigi mkasi wa kosa tena. Lililokaa vibaya aliliacha, lililokaa vizuri aliliacha. Mwalimu wa historia, shoga yake wa miaka mingi, alichukua daftari moja juu ya meza ya walimu akalifunua.

"We Bi Vielezi, hapa mtoto kaandika mvua ilinyesha hardly mpaka nyumba ikabomoka, na wewe umempa vema! Siku hizi unagawa maksi kama pipi?"

"Kwani hukuelewa alichomaanisha?"

"Nimeelewa. Mvua ilinyesha sana, nyumba imebomoka, utaachaje kuelewa?"

"Basi," Bi Vielezi alisema, akaichukua mikoba yake na kwenda zake, akimwacha shoga yake ameshika daftari hewani.

Namba ya msimamizi ilikuwa kwenye simu. Angeweza kupiga wakati wowote na kuuliza. Alijua pia kwamba akishajua, atakuwa anajua mbele ya mumewe, asubuhi kwenye chai, jioni kwenye taa, mpaka mmoja wao afe. Mara moja alijaribu kumwambia. Fundi alikuwa ameinama mezani akichora mstari kwa chaki, pini zimejaa mdomoni.

"Baba Chuma," alianza.

"Mmh?"

"Ile siku ya simu."

Fundi akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, akainua uso. Ulikuwa uso wa mtu aliyeitiwa kitu kizuri.

"Najua," alisema. "Hata mimi naifikiria. Yule bwana hakuwa na lazima ya kutuambia lile neno. Angesema amekufa, akakata simu. Nimemuonea aibu, Mama Chuma, sijamshukuru hata kidogo. Nataka nimshonee shati."

"Shati?"

"Sasa mimi nina nini kingine? Shati zuri, la kitani, mikono mirefu maana kule kuna jua. Mpigie simu, uniulizie vipimo vyake. Shingo, kifua, mabega, urefu wa mkono. Nitakuandikia usisahau."

Neno lililokuwa limefika kwenye meno likarudi tumboni. Alisema atapiga. Hakupiga. Alisema mtandao unasumbua. Alisema kule sasa hivi watakuwa kazini. Fundi alinunua kitani, rangi ya mchanga, akakifua ili kisije kikaruka na kupungua baadaye, akakipiga pasi, akakikunja na kukiweka juu ya rafu peke yake. Kila alipopita aliuliza, "Ameshapokea yule bwana?" na mkewe alijibu kwa kitu chochote kilichomjia. Alikuwa anakonda. Mkono wenye glavu sasa ulimfuata hadi kwenye ofisi ya walimu, ukanyooka nyuma ya kabati la ramani.

Mwishowe, Jumapili moja alasiri, fundi alifunga duka lake mapema, akachukua kiti akakiweka mbele ya mkewe, akaketi na penseli sikioni.

"Leo tunampigia pamoja," alisema. "Weka spika, nami nimsikie sauti yake. Sitaelewa, lakini nimsikie."

Alipiga. Alimwomba Mungu simu isipokelewe, na ikapokelewa mara ya kwanza ilipoita.

Msimamizi alimtambua upesi, akawasalimu, akauliza hali. Sauti yake ilijaa sebule. Bi Vielezi alieleza kuhusu shati, na mtu yule akasema hapana, hapana, hastahili. Alipobembelezwa akakubali. Alikwenda akaazima futi kwa mtu, wakamsikia akijipima na kunung'unika, akasoma namba moja baada ya nyingine. Mkewe alizitafsiri, na fundi akaandika kwa furaha, akitikisa kichwa kwa kila namba kama anayeona umbo la mtu linajengeka hewani. Alipofika kwenye kifua, msimamizi akacheka kidogo kwa haya. Alisema wasishangae, namba ni ndogo, zamani alikuwa mtu mnene. "Here we work hardly, madam," alisema. "All men, very hardly."

"Anasemaje?" fundi aliuliza, penseli tayari.

"Anasema amekonda," mkewe akajibu. "Wanafanya kazi sana."

Akajisikia alivyosema. Sana. Lilimtoka bila kulitafuta, tafsiri sahihi, ya haraka, ya mtu anayemwelewa msemaji wake. Fundi aliandika kipimo cha kifua na hakuona kitu. Lakini Bi Vielezi alibaki ameishikilia simu, na ndani ya kichwa chake ile sentensi ya zamani ilikuwa inajitafsiri yenyewe upya, kwa sauti yake mwenyewe, na yeye hana pa kwenda.

Angemaliza hapo. Alishafungua mdomo aage. Ila msimamizi, kwa kuwa ameshacheka nao na ameshapimwa, alikuwa amepata ujasiri.

Alisema, kwa Kiingereza chake cha kupapasa, kwamba kuna jambo limemkaa moyoni. Siku ile ya kwanza aliona aibu kulisema. Walipokuwa wakisubiri mashine ya kuinua bomba ni yeye aliyekaa kichwani pa kijana, amemshika mkono. Mashine ilichelewa. Ilipofika ilivuta ikaacha, ikavuta ikaacha. Kila ilipovuta alimuuliza kijana, limetoka? Umekuwa huru? Na kijana alijibu mwanzoni kwa Kiingereza. Baadaye Kiingereza kikamwisha. Akawa anamwita mtu, mtu mmoja yuleyule, mchana kutwa, mpaka sauti ikakatika. Yeye msimamizi hamjui mtu huyo. Ametafuta hata kwenye simu ya marehemu, hakuna. Angependa ajue aliitwa.

"Bado," ilisema ile sauti kutoka kwenye simu. "All the time. Bado. Bado. Bado."

Alilitamka kama Chuma. Alikuwa amelisikia mara nyingi mno kiasi kwamba alilinasa na mvuto wake, ile a ndefu ya mwanzo, ule uchovu wa mwisho. Ni neno ambalo nyumba ile ilijibiwa nalo miaka na miaka. Umeoga? Bado. Umelala? Bado. Umemaliza? Bado, baba. Na sasa limerudi sebuleni kwa mdomo wa mgeni, likiwa zima, halijapotea njiani hata herufi moja.

Penseli ya fundi ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

Bi Vielezi aligeuka kumtazama. Alitafuta upesi kitu cha kusema, uongo wowote, aseme ni neno la kwao yule bwana, lina maana nyingine huko. Miaka yote alikuwa amesimama kati ya mtu huyu na Kiingereza, akipitisha kilichofaa kupita. Fundi aliinua kiganja.

"Hilo usinitafsirie," alisema.

Aliiweka penseli chini. Alizitazama zile namba alizoandika, shingo, kifua, mabega, mkono. Hakuuliza kwa nini aliambiwa vile siku ya kwanza. Alimtazama mkewe tu, muda mrefu, akaona alivyokonda, na kwa mara ya kwanza akaelewa amekonda kwa nini. Akauvuta mkono wake akauweka juu ya goti lake mwenyewe, akaufunika.

"Umeubeba mzigo huu peke yako tangu lini?" aliuliza.

"Madam?" msimamizi aliita. Akauliza tena, kwa upole, kwa wasiwasi wa mtu anayedhani amekosea.

"Anataka nini?" fundi aliuliza.

"Anadhani ni jina la mtu." Sauti ya Bi Vielezi ilikuwa imebaki nyuzinyuzi. "Anauliza Bado ni nani. Anasema amemtafuta amfikishie habari kwamba aliitwa, hajampata. Hapati usingizi. Nimwambie ukweli?"

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Kwamba hakuna mtu. Kwamba kijana alikuwa akikujibu wewe, bwana, wewe uliyemshika mkono. Wewe unauliza umekuwa huru, yeye anakujibu. Ungekwenda kwa sentensi moja, na ungemkaa msimamizi yule maisha yake yote, kule jangwani, kila mashine inapovuta.

Fundi alifikiri. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Mwambie ni mimi," alisema. "Mwambie Bado ni baba yake. Mwambie nimesikia."

Akamwambia. Alitumia Kiingereza chepesi kuliko chochote alichowahi kutumia, maneno ya darasa la kwanza, ili yasipotee popote. Upande wa pili mtu akashusha pumzi ndefu, kisha akalia, kilio cha mtu mzima kisicho na aibu, na katikati ya kilio akasema maneno machache.

"Anasemaje?"

"Anashukuru. Anasema sasa atalala."

Fundi alikitazama kile kitani cha rangi ya mchanga, juu ya rafu.

"Na alale," alisema.